Mama Tshibola Anachagua Motere

Kama hujawahi kumkimbia mama mukwe wako mchana kweupe, basi wewe hukuoa kwetu. Kwetu, ukimwona mama wa mke wako anakuja njiani, unaingia majanini hadi kiunoni, hata kama umevaa suruali ya Jumapili. Naye anajifunika uso kwa kitenge, anapita. Hamwangaliani, hamli pamoja, hamsemezani. Neno likiwa la lazima, linapitia kwa mtu mwingine. Si chuki, msije mkafikiri hivyo. Ni heshima, na heshima ya bukwe, ya mkwe kwa mkwe, ni nzito kuliko gunia la mahindi.

Kyungu alikuwa na miaka sita ya ndoa, na mama mukwe wake, Mama Tshibola, Kyungu alimjua kwa mgongo na kwa sauti tu. Ungemwuliza pua ya mama huyo ni ya namna gani, asingeweza kukujibu.

Huyu Kyungu alikuwa mvuvi wa ziwa la Nzilo. Ziwa lenyewe lilikuwa changa bado. Ilikuwa miaka michache tu tangu Wazungu wafunge mto Lualaba kwa ukuta ili wapate umeme wa migodi, maji yakapanda yakameza msitu mzima. Miti ikafa imesimama. Samaki walipenda kukaa humo kwenye miti, na wavuvi waliwafuata kwa kasia. Lakini alasiri upepo ukishuka, kasia si kitu. Mwaka uliotangulia upepo huo ulimkuta Kisimba, mdogo wake Kyungu, katikati ya miti ile. Walimpata siku ya tatu.

Baada ya matanga, Mado, mke wa Kyungu, alisema neno moja akalishika.

"Na kasia hutaenda tena. Ao unapata motere, ao unaenda kuandikwa ku mugodi. Mi siwezi kulia mara mbili."

Kyungu hakubishana naye. Alikuwa na watoto wawili, na shimo la mgodi alilichukia toka utotoni. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja tu: motere ya kufunga nyuma ya mashua yake, ambayo ingemrudisha nyumbani kila siku upepo uvume usivume.

Motere mpya zilikuwa za Wazungu, waliozitumia kutembelea ziwa siku ya Jumapili. Za watu kama sisi zilikuwa zile kuukuu. Tata Stanislas, fundi wa baiskeli katika cité ya Kolwezi, mtaa wa watu kama sisi, alikuwa nazo mbili, alizozipata kwa Wazungu waliokuwa wanarudi kwao. Alikubali kuachia moja kwa magunia matatu ya samaki wakavu, pamoja na cherehani ya Mama Tshibola. Ndiyo, cherehani yake mwenyewe! Mama alimwambia Mado, "Ambia bwana yako achukue. Nguo zitashonwa na bengine." Nionyesheni mama mukwe mwingine wa namna hiyo, nimpigie magoti.

Basi Jumamosi wakaenda. Kyungu alitangulia akisukuma baiskeli yenye magunia, Mado akafuata na mtoto mgongoni, na nyuma kabisa, mbali, akaja Mama Tshibola na cherehani kichwani. Walipofika, Kyungu aliingia uani kwa fundi. Mama alikaa nje ya uzio wa matete, akaupa ua mgongo kama desturi inavyotaka. Mado akasimama mlangoni, kati ya mama yake na mume wake, tayari kubeba maneno.

Motere zilikuwa zimefungwa kwenye ubao, miguu yake ndani ya pipa la maji. Ya kwanza ilikuwa ya buluu, rangi mpya inayong'aa, kifuniko hakina hata mkwaruzo. Ya pili ilikuwa nyeusi, imebonyea upande mmoja, imefungwafungwa waya. Macho hayana pazia. Kyungu aliitazama ya buluu, akasahau hata kuamkia watu.

"Baba, kizuri kinajiuza," alisema Stanislas, akazungusha kamba na kuvuta mara moja tu. Motere ikawaka papo hapo, maji yakachemka pipani, moshi ukapanda. "Unasikia? Iko inaimba!"

"Aka!" alisema Kyungu, na meno yote yakawa nje.

Sauti ikatoka nyuma ya uzio, taratibu. "Mado. Uliza ule fundi: mbele tufike, ile motere ilikuwa inafanya nini?"

Mado akaliingiza neno ndani. Stanislas akacheka sana, kuliko neno lenyewe lilivyostahili. "Nilipashaka kidogo, mama! Sawa vile tunapashaka mayi ya mugeni ya kuoga."

"Ambia aache itumike," ikasema sauti. "Asizimishe."

Hapa lazima niwaambie habari ya mama huyu, maana Kyungu aliijua lakini hakuwahi kuitilia maanani. Marehemu mume wake, Kalala, alikuwa mtu wa pompe katika mgodi mmoja upande wa Mutoshi, mlinzi wa zile motere zinazonyonya maji shimoni ili watu wasizame. Nyumba yao kambini ilikuwa ya mwisho, karibu kabisa na pompe. Miaka kumi na nane Mama Tshibola alipika, alizaa na kulea katika ngurumo ile. Ikibadilika kidogo tu alimwambia mume wake, "Kalala, ya pili iko inaumwa," na Kalala akienda alikuta ni kweli. Wakubwa walimsifu Kalala kwa masikio yake, wakampa hata saa ya mkono. Masikio yalikuwa ya mke wake!

Motere ya buluu ikaendelea kunguruma. Mama Tshibola aliinamisha kichwa, kitenge kikiwa kimemfunika hadi kidevuni, akasikiliza.

"Mado. Ambia bwana yako: hii iko inasahau. Inapiga, inapiga, halafu inasahau moja. Na sasa vile inapata moto, inasahau mingi."

Kyungu alitega sikio. Hakusikia kitu ila raha. Tena wateja wawili wa baiskeli waliokaa pale uani walianza kucheka kwa chini. Mwanaume mzima, mvuvi, anachaguliwa motere na mama mukwe, tena kupitia matete! Damu ikampanda usoni.

"Ambia mama, nimesikia, asante," akamwambia mke wake. "Lakini njo hii nachukua. Tata Stanislas, zima, ufunge."

Sikio la kufa halisikii dawa, wazee walisema, na siku ile sikio hilo lilikuwa la Kyungu.

Sasa tazama mambo yanavyokwenda. Mtoto mgongoni kwa Mado akaanza kulia kwa kiu, Mado akaondoka kwenda bombani, mtaa wa pili. Mlangoni hakubaki mtu wa kubeba maneno. Stanislas akaifungua ya buluu haraka haraka, akaiweka chini, akaenda kuichukua cherehani iliyokuwa pembeni ya mlango. Mama Tshibola akaona mkono wa fundi ukiishika.

Desturi ina njia zake. Ukikosa mtu, unaruhusiwa kusema na kitu. Kulikuwa na kuku anadonoa karibu na uzio, na mama akamwambia kuku huyo kwa sauti ya kusikika, "We kuku, mutu mwenye akili anazimisha motere yenye moto, anangoja kidogo, anavuta tena. Kuwasha ya baridi ao ya vuguvugu, kila mutu anaweza." Kyungu alisikia kila neno. Akajifanya anafunga kamba ya gunia.

Ndipo Mama Tshibola akasimama. Akaingia mlangoni. Akakivua kitenge usoni, akakishusha mabegani, akatembea mpaka mbele ya mkwe wake, akasimama hatua mbili. Mmoja wa wale wa baiskeli akageuza uso ukutani, kwa aibu ya kuona asichotakiwa kuona.

"Kyungu," alisema. "Niangalie mi."

Kyungu alitaka ardhi ipasuke. Akainua macho. Pua ya mama ilikuwa ya Mado, ileile, na machozi yalikuwa yanashuka kandokando yake.

"Nilizika bwana yangu. Kisimba nilimulilia sawa mutoto wa tumbo yangu. Haya ni kitu kikubwa, mi najua, mama yangu alinifundisha. Lakini haya haiogelee. Weye ukizama, haya yetu itakusaidia nini? Kuku ya kuosha hii kosa, mi njo nitalipa. Rudisha ile motere mu mayi."

Kyungu akainama, akaibeba motere ya buluu, akairudisha pipani kwa mikono yake. Ilikuwa imepoa kidogo pale chini, ikawaka mara moja, ikaimba. Wakaiacha ikinguruma mpaka kifuniko kikawa hakishikiki. Na wakati huu, kwa sababu alikuwa amesimama karibu na mama huyu na hakuwa na pa kukimbilia, Kyungu alisikiliza kweli. Mama alikuwa anapiga hesabu kwa kidole pajani. Kidole kiliposimama, motere ilikuwa imesahau. Kikaenda, kikasimama tena. Mungu wangu, kumbe ilikuwa wazi vile!

"Zimisha," alisema mama. Wakangoja muda wa mtu kuvuta wavu na kutoa samaki. "Sasa vuta."

Kyungu akavuta. Kimya. Akavuta mara kumi, mara ishirini, shati likalowa mgongoni. Stanislas akaja akasafisha buji, ile plagi ya kuwashia, akavuta naye, akatukana kwa Kifaransa. Kimya. Na katika kimya kile Kyungu aliiona miti ile iliyokufa imesimama, na mashua ya mdogo wake imelala ubavu.

"Ile nyeusi," alisema Mama Tshibola.

Nyeusi ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Ilivutwa mara tano ndipo ikakubali, ikakohoa, ikatikisa ubao mzima. Mbaya wa sura, mbaya wa sauti! Lakini kidole cha mama kilikwenda pajani, kikaenda, hakikusimama. Ikapata moto, kidole hakikusimama. Wakaizima, wakangoja, Kyungu akashika kamba, akavuta mara moja tu. Ikawaka.

Mama akajifunika kitenge. "Hii," alisema, sasa akimtazama kuku, si mkwe, akatoka nje kukaa mahali pake. Mado aliporudi na mtoto alikuta wanaume watatu wamesimama, na mume wake anaifunga motere mbovu kuliko zote kwenye baiskeli, anafuta macho kwa kiwiko.

Kuku wa faini ya desturi alilipwa Jumapili, jogoo mwekundu, na Mama Tshibola hakukubali mtu amsaidie kumlipa. Heshima ikarudi mahali pake, kila mtu na njia yake.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zilipoanza, Kyungu alikuwa mbali kwenye miti, motere amezima, anavuta nyavu, pale upepo uliposhuka ghafla kuliko siku zote. Maji yakawa meusi. Alipoziachia nyavu na kuishika kamba, alisema jina la Kisimba kwa sauti. Kisha akavuta.

Alifika ufukweni amelowa mpaka mifupa. Mado alikuwa majini hadi magotini, akamshika kwa mikono miwili, hakumwachia. Nyumbani palikuwa na moto mkubwa, maji ya kuoga yamepashwa, na ugali, bukari yetu, uko tayari, unatoa moshi.

"Ulijuaje ya kama niko nakuja?" Kyungu aliuliza. "Na hii giza ya mvua, hata mashua mulikuwa hamuone."

"Mama," alisema Mado. "Alisimama inje na mvua yote. Akaniambia, amezimisha motere. Halafu upepo ikakuja, hakusema tena kitu, akashika mukono yangu mpaka ikauma. Tulikaa vile, Kyungu, sijui wakati gani." "Halafu akaniachia mukono. Akasema, songa bukari, bwana yako eko nakuja."