Kabla Hajapewa Jina

Ochola alisimama nyuma ya kioo cha wodi ya watoto wachanga akimtazama mkwewe akiinama. Twalib alikuwa ameingiza mkono katika kitundu cha kisanduku cha joto alimolazwa mtoto, akamgusa shavuni kwa ncha ya kidole, kisha akasogeza mdomo karibu kadiri kisanduku kilivyomruhusu, akaanza kumwadhinia. Mtoto alikuwa amenyakuliwa na wauguzi mara tu alipotolewa tumboni mwa mamaye, na hii ndiyo nafasi ya kwanza ambayo baba yake alipewa ya kumnong'oneza lolote.

Sauti haikupenya kioo, lakini Ochola aliyasoma maneno midomoni. Kwa miaka yote aliyoishi mitaa ya Eastlands alikuwa ameyasikia alfajiri, kwanza Makongeni, kisha Fedha, hata yakamkaa kichwani bila kualikwa. Mengi ya maneno hayo yeye mwenyewe, katekista wa parokia, angeweza kuyatamka mbele ya altare bila kumkosea mtu. Kilichomchoma ni yale yasiyokuwamo. Hapakuwa na Baba. Hapakuwa na Mwana.

Katika mfuko wa koti lake mlikuwa na chupa ndogo ya maji na kikombe cha plastiki.

Daktari alifika muda mfupi baadaye. Aliitwa Hansa, mwanamke wa Kihindi aliyezaliwa Ngara, mwenye mvi zilizofungwa nyuma na Kiswahili kisicho na kigugumizi. Aliwaeleza kwamba utumbo wa mtoto umejisokota, maziwa hayapiti, na kwamba hakuna njia nyingine ila kumpasua alasiri hiyo hiyo. Mpaka wakati huo, alisema, hofu kubwa ni asije akatapika akapaliwa, maana kifua chake hakina nguvu ya kujiokoa. Twalib aliuliza maswali mawili, akaenda kutolewa damu ya kupimwa. Ochola alibaki.

Ndipo alipomwona daktari akikigeukia kile kisanduku, akaunganisha viganja mbele ya kifua na kuinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayemwamkia mkubwa wake.

"Daktari," Ochola alisema alipotoka, "pale ulikuwa ukimwombea mtoto?"

"Nilikuwa namsalimu."

"Mtoto?"

"Aliyemo ndani yake." Daktari alivua glavu taratibu, kidole kimoja kimoja. "Kwetu nyumbani hatukufundishwa kwamba Mungu yuko mbali na anaombwa aje. Tayari yumo. Sasa mzee, mimi naingia kukata mahali anapokaa. Si adabu kuingia bila kubisha hodi."

Katika darasa lake la Jumamosi Ochola alikuwa na jibu la maneno kama hayo, nalo lilikuwa fupi: Mungu ndiye aliyeumba, hakujichanganya na alichokiumba, na wanaosema vinginevyo huishia kupigia magoti mawe na miti. Lakini pale kwenye baraza yenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, aliliacha jibu lile. Mikono ya mwanamke huyu ndiyo iliyokuwa iingie tumboni mwa mjukuu wake. Alipendelea iingie ikiogopa.

Simu ikalia. Alikuwa Benta, mkewe, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba asiweze kutoka nyumbani.

"Baba Celine, umemtia maji?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

"Kuna watu."

"Kulikuwa na watu siku ile pia," Benta alisema, na hakuhitaji kueleza ni siku ipi.

Mtoto wao wa kwanza alizaliwa katika nyumba za reli za Makongeni akafa kabla jua la pili halijachwa. Ochola alikuwa Mtito Andei kazini, akiyapisha magari moshi stesheni. Aliporudi alimkuta Benta amekaa sakafuni na mtoto amekwisha kuvikwa shuka, na padri wa siku zile, mzee mkali asiyependa kuulizwa, alikataa kumzika kwa misa kwa sababu hakuwahi kubatizwa. Mapadri waliofuata walisema maneno mengine. Walisema huruma ya Mungu ni pana, walisema mambo hayo aachiwe mwenyewe. Benta aliwasikiliza wote kwa heshima, akawapikia chai, na walipoondoka akamgeukia mumewe na swali lile lile: basi yuko wapi? Tangu wakati huo Ochola amekuwa akimwona yule mtoto amesimama nje ya mlango uliofungwa, mfupi mno kukifikia kitasa chake. Hata ukatekista wake ulianzia hapo. Alikuwa amewafundisha mamia ya akina mama kwamba mtoto akiwa katika hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kumbatiza, kwa maji yoyote safi na maneno machache, bila kungoja padri.

"Nimekusikia," akamwambia mkewe, akakata simu.

Binti yao Celine alikuwa amelala kitanda cha mwisho katika wodi ya wazazi, uso umemvimba kwa machozi na dawa. Hakumsubiri baba yake afungue mdomo.

"Baba, najua kilichokuleta. Usimguse."

"Nimekuja kukuona wewe."

"Usimguse. Nilipoolewa tulikubaliana na Twalib. Mimi nibaki na misa yangu, watoto wafuate dini yake. Hajawahi kunizuia kwenda kanisani hata Jumapili moja. Anafua nguo zangu nikienda." Alijaribu kujiinua, kidonda cha tumboni kikamrudisha chini. "Ukimbatiza kwa siri, siku nikijua sitakuwa na baba. Ninakwambia kabla ili usiseme hukuambiwa."

Ochola alimfunika miguu kwa blanketi. Hakukubali, wala hakukataa, na Celine, aliyemjua tangu utotoni, aliuelewa ukimya ule akageukia ukuta.

Nje, kwenye benchi la baraza, alimkuta Bi Zuhura, mama yake Twalib. Alikuwa mwanamke mrefu wa Pumwani, aliyefundisha wasichana madrasa kwa miaka mingi, na baibui lake lilikuwa limepigwa pasi hata katika siku kama hii. Tangu harusi wawili hao walikuwa wakisalimiana kwa upole wa watu waliokubaliana kutofahamiana.

"Mama Twalib," Ochola alisema akiketi, "niruhusu nikuulize. Kwenu, mtoto akifa hivi alivyo, anakwenda wapi?"

Mwanamke hakushtuka. "Alikotoka. Kwa aliyemuumba. Ni safi, hajachafuliwa na chochote."

"Na kosa la Adamu?"

"Adamu alitubu akasamehewa. Likaishia hapo."

"Kwetu halikuishia hapo. Ndiyo maana Mungu alishuka mwenyewe."

"Mungu hashuki, Baba Celine. Hana haja. Hana mahali ambapo hajafika."

"Mtoto anazama mtoni, babaye amesimama ukingoni anatazama. Huyo ni baba gani?"

"Nani kakwambia ni baba?" Bi Zuhura aliigeuza shingo, na kwa mara ya kwanza Ochola akaona jinsi macho yake yalivyochoka. "Baba huchoka. Wangu alichoka akatuacha na mama yetu chumba kimoja pale Majengo, hatukujua alikwenda mji gani. Nilipofundishwa kwamba Mungu hakuzaa wala hana mfano wa yeyote tunayemjua, nilifurahi. Nilikuwa mdogo lakini nilifurahi sana. Wewe ukimwita baba unamsifu. Mimi nikimwita baba nitakuwa nimemtukana."

Bi Zuhura aliutazama mfuko wa koti la Ochola, mahali chupa ilipoubenua, akautazama kwa muda mrefu kuliko adabu ilivyoruhusu. Kisha akasimama.

"Nakwenda kuswali adhuhuri," alisema. "Nitakaa huko kidogo."

Ochola hakujua kama lile lilikuwa onyo, ruhusa, au alimwachia tu Mungu wake amlinde mtoto. Alibaki peke yake. Akainuka. Akanawa mikono kwenye sinki la mlangoni hadi viwiko kama alivyomwona Twalib akifanya, akavaa joho la kijani la wageni, akaingia.

Muuguzi, Sista Nekesa, alikuwa upande wa pili wa wodi akihangaika na mtoto wa mtu mwingine, mgongo ameupa mlango. Mashine zilikuwa zikilia kwa sauti ndogo za kudumu. Mjukuu wake alikuwa amelala chali, tumbo limewamba na kung'aa, mirija miwili imebandikwa mkononi. Juu ya kisanduku palibandikwa karatasi iliyosema mtoto wa Celine, kwa kuwa jina lake lingetolewa siku ya saba na siku hiyo haikuwa imefika. Ochola alikuwa amekwisha kumchagulia jina njiani. Yosefu. Aliona hilo ni jina ambalo hata upande wa pili wasingelichukia.

Akamimina maji kikombeni. Akakishika kwa mkono mmoja, akachovya vidole vya ule mwingine. Akafungua kitundu, akauingiza mkono uliolowa, akausimamisha juu ya kile kipaji cha uso kisichozidi sarafu kubwa mbili.

"Yosefu," alinong'ona, "mimi nakubatiza—"

Tumbo la mtoto likapanda ghafla. Kitu cha kijani kikamtoka mdomoni na puani, kikafurika shingoni, naye hakulia. Alifungua mdomo, asilie. Ngozi kuzunguka midomo ikaanza kuwa ya rangi ya majivu, kisha rangi ya zambarau.

Hiyo ndiyo ilikuwa saa yenyewe. Ndiyo saa aliyoifundisha, ndiyo iliyompita Makongeni, ndiyo iliyolifanya Kanisa lake liyaweke maji katika mkono wa mtu yeyote. Maneno yaliyobaki yalikuwa machache mno, yangetoshea katika pumzi moja, na maji yalikuwa yakimchuruzika vidoleni juu ya kichwa cha mtoto.

"Sista! Mtoto!"

Hakuitambua sauti kuwa ni yake. Kikombe kilikuwa chini kinabingirika, na Sista Nekesa alikuwa amekwisha kumsukuma ukutani kwa kiwiko, amefungua kisanduku, amemlaza mtoto ubavu, anamfyonza koo kwa mrija. "Njoo, njoo, njoo," alikuwa akimwambia mtoto, kama anavyoitwa kuku. Ochola alibana mgongo ukutani. Alitaka kuomba, akili ikakataa kumletea hata neno moja, la Kiswahili wala la Kijaluo. Aliona tu nyayo mbili ndogo zilizokunjamana.

Kisha kikasikika kilio, chembamba kama mlango wenye kutu. Daktari Hansa akaingia mbio, akatazama mara moja, akasema hawatangoja alasiri. Wakamtoa kwa kumkimbiza.

Twalib aliporudi, pamba imebandikwa kwenye kiwiko cha mkono, alikuta nafasi tupu, sakafu imelowa, na baba mkwe wake amesimama palepale ukutani.

"Mtoto yuko wapi?"

"Amepelekwa kupasuliwa," Sista Nekesa alisema. "Alipaliwa. Huyu mzee ndiye ameona. Angechelewa kuniita kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine."

"Na haya maji?"

Muuguzi alimtazama Ochola, akainama kukiokota kikombe. Mlango ulikuwa wazi. Angeweza kupita hapo na sifa zake na hakuna ambaye angemuuliza tena.

"Ni ya ubatizo," Ochola alisema. "Niliingia kumbatiza."

Mishipa ya shingo ya Twalib ilisimama. "Umembatiza?"

"Sikumaliza."

"Kwa nini hukumaliza?"

Ochola aliitazama sakafu iliyolowa. Twalib alimngoja. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini iliyotisha kuliko ukelele, "Naomba uondoke mbele yangu, baba, kabla sijasahau kwamba wewe ni baba wa mke wangu."

Celine aliletwa kwa kiti cha magurudumu hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Aliambiwa yote. Alimsikiliza mumewe, kisha akamwangalia Ochola kwa mbali, katika urefu wa baraza ile.

"Ulinisikia nilivyokwambia?"

"Nilikusikia."

"Na ukaingia."

"Nikaingia."

Hakumuuliza zaidi. Alimpa Twalib mkono wake, wakageukia mlango wakiwa wamempa mgongo.

Ochola alikwenda kuketi benchi la mwisho kabisa. Simu ililia, akaona jina la Benta, akaiacha ilie hadi ikachoka. Angemwambia nini? Kwamba saa ile waliyoililia maisha yao yote ilimjia mkononi, naye akaitupa sakafuni akamwita muuguzi? Alijaribu kujua ni kitu gani kilichoushika ulimi wake. Pengine hakuwahi kuyaamini maji yale, akawa amefundisha miaka yote kitu asichokiamini. Au pengine, katika kufumba na kufumbua, aliamini kitu kikubwa kuliko maji na akakitegemea bila kukitazama usoni. Aliyapima yote mawili, akashindwa kuamua. Alipomtafuta moyoni yule mtoto wa Makongeni, kama alivyozoea, alimwona. Ila mlango ule hakuuona, na hakujua kama umefunguliwa au ni yeye aliyekosea mahali ulipokuwa.

Daktari Hansa alitoka jua likiwa limeingia baraza kwa upande wa magharibi. Aliwaambia kwamba wamekata kipande cha utumbo kilichokufa na kuunga kilichobaki. Mtoto anapumua. Siku mbili tatu zijazo ndizo zitakazosema, yeye asingewadanganya. Twalib alichuchumaa palepale akalia na uso ndani ya viganja, na Celine akamshika kichwa. Baadaye kidogo wakaruhusiwa kwenda kumwona. Hakuna aliyemwita Ochola, naye hakuinuka.

Bi Zuhura hakuwafuata. Alikuja polepole hadi kwenye benchi la mwisho, akasimama mbele yake.

"Alipopaliwa," alisema, "ulimwita nani?"

Ochola alifikiri. Alitaka kujibu ukweli, na ukweli ulikuwa mdogo.

"Sikumwita yeyote. Nilipiga kelele tu."

"Ukasikiwa?"

"Sista alisikia."

Uso wa Bi Zuhura haukuonyesha kama jibu limemtosha au limemsikitisha. Kisha akalikunja baibui lake, akaketi, si karibu sana, akauweka mkoba wake katikati yao. Mbele yao mlango wa wodi ulifunguka, ukafungwa, ukafunguka tena kwa ajili ya watoto wa watu wengine, na kila ulipofunguka wote wawili waliinua macho.