Uso wa Mzee Pini

Chuoni hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Kwa miaka ishirini na mbili kazi yake katika maabara ya anatomia ilikuwa kuutoa ubongo kwenye ndoo ya dawa, kuusuuza, kuulaza vipande vipande juu ya sinia, kisha kuuchoma pini zenye vibendera vya namba pale Profesa alipoelekeza. Siku ya mtihani wanafunzi hupita na karatasi zao na kuandika: pini hii imechoma nini, na kitu hicho kina kazi gani. Ndiyo maana wakamwita Mzee Pini, na jina likamkaa.

Miaka yote hiyo siri ya mtihani haikuwahi kumponyoka. Wanafunzi walimletea soda, wakamsifia viatu, mmoja akajifanya amezimia mlangoni. Mzee Pini alimruka akaenda zake. Alijivunia mdomo wake kuliko nyumba yake, na nyumba yenyewe aliijenga kwa mikono yake.

Sasa mwaka huu mtahiniwa alikuwa kitinda mimba wake mwenyewe. Tena ulikuwa mtihani wa marudio. Mara ya kwanza binti huyo alifeli kwa kuchanganya sehemu za mfumo wa limbiki, zile zilizojificha ndani ya ubongo na kushughulika na woga, hasira, kumbukumbu na njaa. Akifeli tena, anafungasha virago, na udaktari ndio basi.

Alhamisi mchana Mzee Pini alichoma pini sita, akafunika sinia kwa kitambaa kibichi, akafunga mlango kwa ufunguo na kurudi nyumbani roho juu. Binti alikuwa mezani na daftari, anamsubiri.

"Shikamoo, baba. Kaa hapa mbele yangu nikusomee."

"Marahaba. Msomee mama yako."

"Mama yake anaosha masufuria," mkewe akasema kutoka jikoni. "Msikilize mtoto."

Akapakuliwa chakula, akakaa. Binti akaanza taratibu, macho hayako kwenye daftari, yako usoni pa baba yake.

"Amigdala. Ina umbo la lozi. Ndiyo inayonusa hatari kabla mwenyewe hujajua kuna nini."

Jicho la kushoto la Mzee Pini likacheza. Hiyo ilikuwa pini namba mbili.

"Hipokampasi. Bila hiyo huweki kumbukumbu mpya."

Kijiko kikagonga sahani. Pini namba tano.

"Haipothalamasi. Njaa, kiu, joto la mwili. Amigdala ikiipa habari ya hatari, nayo inaamrisha moyo uende mbio na jasho litoke."

Jasho likatoka.

Hapo ndipo alipong'amua anachofanyiwa. Mdomo ulikuwa umefungwa kama siku zote, lakini uso ulikuwa unatangaza kama redio. Akageuza kiti akatazama ukuta. Akahisi hata masikio yanamcheza. Akajifunika taulo kichwani na kudai ana mafua. Mkewe akamwuliza ni mafua gani hayo yanayotibiwa kwa taulo la miguu. Chini ya taulo aliisikia sauti ya binti ikitaja hiki na kile, naye hakufuatilia tena ni nini. Kila jina lilimgonga kifuani, na lilipotajwa la mwisho, glasi ya maji ikamponyoka.

"Asante, baba," binti akasema, akafunga daftari na kwenda chumbani kwake.

Asubuhi Profesa alimkuta amesimama mlangoni pa ofisi, kofia mkononi. Kibarua kingeweza kuota nyasi siku hiyo, na Mzee Pini alilijua hilo.

"Profesa, mtihani umevuja."

"Nani kauvujisha?"

"Uso wangu."

Profesa akavua miwani. "Na mdomo je?"

"Mdomo sikuufungua hata kwa kula."

Profesa alimtazama asijue acheke au aandike barua ya onyo. Mwishowe akavaa glavu, akazihamisha mwenyewe pini zote sita hadi kwenye vichochoro ambavyo vitabu huvipa mstari mmoja tu, akamwambia Mzee Pini akakae nje.

Akakaa kwenye benchi la ukumbini. Alikuwa ameokoa jina lake na kumzamisha mwanawe, hivyo ndivyo alivyoona. Akalia kidogo, akajifuta kwa kitambaa cha maabara, na ile harufu ya dawa ikamwongezea machozi.

Saa saba matokeo yakabandikwa. Binti alikuwa amepata sita kwa sita. Mzee Pini aliusoma mstari ule mara tatu akidhani ni wa mtu mwingine.

"Mwanangu," akasema, "pini zilihamishwa leo asubuhi. Mimi ndiye niliyekwenda kusema. Umewezaje?"

"Kwani mwanzo zilikuwa wapi?" Binti akacheka, kisha akainamisha kichwa. "Baba, nisamehe, jana nilitaka kukuibia. Lakini ulishtuka kwa amigdala, ukashtuka kwa hipokampasi, ukalowa kwa haipothalamasi. Kila nikitaja kitu, unashtuka. Nikaamua kukutega. Unakumbuka nilitaja nini ukaangusha glasi?"

"Sikumbuki."

"Kongosho."

Mzee Pini akawaza kidogo. "Kongosho iko tumboni."

"Ndiyo. Nikajua kwenye uso wako hakuna cha kuiba, ikabidi nisome kitabu chote." Akamsogelea. "Sasa baba, kongosho unaiogopea nini?"

Jicho la kushoto likacheza, na safari hii hakulificha.

"Nakuogopea wewe," akasema. "Tangu ulipofeli. Ukifungua mdomo tu, naogopa utakosea."

Binti akamshika mkono, ule mkono uliolowa jasho, wakaenda nyumbani kumwambia mama.