Mshale wa Spidi

Aliyebuni gari akaificha kebo ya spidi kule nyuma ya dashibodi, siku nikimtia mkononi atanitambua. Nilikuwa nimelala chali kwenye sakafu ya gari kuukuu la baba, miguu nje ya mlango, pedali ya klachi ikinichoma ubavuni. Ukikohoa tu unagonga kichwa.

"Binti yangu, fundi gani wewe? Kebo moja tu inakutoa jasho!" baba akanitania. Alikuwa kwenye kiti cha abiria, kazi yake kunisomea geji ya spidi.

"Fundi uliyemzaa mwenyewe. Tulia."

Mwezi huu alishalileta mara mbili, analalamika mshale wa spidi hauchezi. Nami kila nikifungua nakuta kebo nzima, haina hata mkwaruzo. Nilikuwa nimeudhika hasa, maana gari hilo ndilo linalompeleka mwanangu shule kila asubuhi, na dereva ni babu yake. Tangu mama atutoke, safari hiyo ndiyo inayomtoa mzee kitandani.

Nikaivuta ncha ya chini ya kebo ndani ya gari, nikaifunga kwenye drili, nikaizungusha ili mshale udhani gari linakimbia. Pale nilipolala sikuweza kuuona.

"Baba, unasoma ngapi?"

"Sitini."

Nikaongeza. "Na sasa?"

"Themanini! Umepona kabisa. Haya, toka huko."

Nikainua macho. Ncha ya juu ya kebo ilikuwa imechomoka kwenye geji, inazunguka hewani mbele ya pua yangu. Mshale haungeweza kusogea hata kidogo.

Mungu wangu! Nikazima drili. Nilitamani kutoka, lakini nikitoka ni lazima nimtazame usoni. Nikabaki nimebanwa palepale, jasho linaniingia machoni, nimejawa na hofu. Mwanangu hukaa kwenye kiti hicho hicho cha abiria kila siku.

"Baba," nikasema, "mshale haujapona. Liache gari hapa."

"Mpaka lini?"

"Kuna spea inatakiwa. Sijui kama inapatikana."

Nikasikia funguo zikigongana mkononi mwake.

"Na mjukuu wangu kesho?"

"Nitampeleka mimi."

Mkono wake ukashuka, ukapapasa kama gizani mpaka ukalipata bega langu, ukaziweka funguo kifuani pangu.

"Hiyo spea," akasema kwa sauti ndogo, "usihangaike kuitafuta."