Chombo Kisicho na Uti wa Mgongo

Kifurushi cha kwanza kilipofika mtaa wa Mafiga, Morogoro, Mwalimu Bartholomeo Mkude alikipokea kwa mikono miwili, akaisoma anwani kwa sauti, kisha akamkataza mjukuu wake kukifungua.

Hakuwa mtu wa kukataza ovyo. Alikuwa mkuu wa shule mstaafu, na kabla ya ukuu alifundisha kazi za ufundi kwa miaka mingi, hivyo amri yake haikutoka bila sababu kuifuata nyuma. Ndani ya kifurushi kile, alieleza, mlikuwa na vipande vya kwanza tu vya mfano wa chombo cha anga: chombo cha kubuni, cha zile hadithi za watu wanaosafiri kati ya nyota, ambacho kikikamilika kingeijaza meza ya chakula kutoka ncha hadi ncha. Kila mwezi kingekuja kifurushi kingine, na jarida la maelezo ndani yake, mpaka chombo kitimie. Ya nini basi kuanza leo kazi ambayo sehemu kubwa ya vifaa vyake bado iko kiwandani, ng'ambo ya bahari?

"Vifaa kwanza, kazi baadaye," alimwambia Editha. "Vikitimia, tutakaa pale mezani, mimi na wewe, tukijenge tangu mwanzo hadi mwisho. Hiyo ni ahadi."

Editha, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha nne, alilitazama boksi, akamtazama babu yake, akasema, "Sawa, Babu."

Ndivyo Mwalimu alivyoijenga hata nyumba yake. Alikusanya matofali, mchanga, mbao na bati hadi wapita njia wakadhani anafungua duka la vifaa vya ujenzi. Vilipokamilika ndipo alipomwita fundi, na nyumba ikapanda bila kusita. Wenzake waliokimbilia kuchimba misingi waliishia kufuga nyasi, na mbuzi wa mtaa wakapata pa kulala.

Zawadi ile ilitoka kwa mwanawe Dennis, aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani. Dennis alilipia vifurushi vyote kwa ajili ya Editha, mtoto wa dada yake Catherine. Catherine alikuwa muuguzi huko Tabora, na binti yake alilelewa Morogoro kwa babu na bibi. Kwa Waluguru mjomba si ndugu wa kutajwa tu kwenye harusi; ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake. Mwalimu aliijua mila hiyo vizuri, lakini aliona kwamba kutoa zawadi ni jambo moja, na kuongoza kazi ni jambo jingine.

Kila mwezi, basi la kutoka Dar es Salaam lilishusha boksi jingine. Juu ya kabati palipojaa, maboksi yalihamia stoo, yakapangwa kwa namba zake kando ya magunia ya mahindi na ndizi zilizoletwa na ndugu wa kijijini Matombo. Stambuli, jirani yao aliyestaafu kazi ya reli, alikuwa Mnyamwezi, na kwa utani wa makabila yao alikuwa na ruhusa ya kusema yale ambayo wengine waliyameza. Alipochungulia stoo akatikisa kichwa.

"Mluguru huyu amechoka kupanda milima, sasa anataka kupanda mbinguni," alisema. "Ila kwa woga, chombo chenyewe amekifungia na mahindi."

"Kazi yenu Wanyamwezi tangu enzi ni kubeba mizigo," Mwalimu alimjibu bila kucheka. "Mambo ya kuifungua tuachieni sisi."

Dennis alipopiga simu kuuliza kama vifurushi vinafika, Mwalimu alimjibu kweli tupu: vinafika vyote, na vimehifadhiwa vizuri. Dennis, mwenye shughuli zake nyingi, aliridhika. Katika muda huo wote Mwalimu aliiwaza siku ile ya ahadi. Aliiona meza, akauona mwanga wa dirishani, akamwona mjukuu wake akimpitishia vipande kimoja kimoja, naye akimweleza jinsi umbo linavyozaliwa kutokana na mpangilio. Hakuna jambo katika uzee wake alilolisubiri kwa hamu kama hilo.

Boksi la mwisho lilifika Editha akiwa amekwisha kumaliza kidato cha sita na kupata nafasi ya kusomea uhandisi chuoni Mbeya. Zilibaki wiki chache tu aondoke.

Asubuhi ya Jumamosi Mwalimu alivaa shati jeupe, akatandika kitambaa safi mezani, akapanga bisibisi ndogo, kibano na kioo cha kukuzia, kisha akaita. Editha alitoka chumbani akiwa na simu mkononi. Alikuwa amerefuka kuliko bibi yake, na nywele zake alizisuka kwa mtindo ambao Mwalimu hakuujua jina. Alisimama mlangoni kwa adabu, kama mgeni anayesubiri kuambiwa akae wapi.

"Babu, anza tu," alisema. "Mimi nitakuja."

Mwalimu alijibu kwamba kazi hiyo ni ya watu wawili, naye Editha akaja, akaketi, akaiweka simu mapajani. Boksi la kwanza likafunguliwa. Kwa mujibu wa jarida, ndani yake ulipaswa kuwamo uti wa mgongo wa chombo: pande refu la chuma ambalo vyumba vyote, mabawa yote na injini zote vingefungwa juu yake. Hamkuwa na pande la chuma. Mlikuwa na vifuniko vya injini. Mwalimu alikwenda stoo, akalileta boksi la injini, akalifungua; nalo lilikuwa na vifuniko vilevile. Mtu fulani, katika ghala fulani la mbali, alikuwa amekosea kufungasha.

Alirudi kwenye jarida, na Kiingereza chake cha shule za zamani kikamfikisha pale chini ya ukurasa wa kwanza, penye sentensi ambayo angeisoma miaka miwili na zaidi iliyopita kama boksi lingefunguliwa: vipande vikaguliwe siku ya kupokelewa, na upungufu wowote uarifiwe mapema.

Editha aliinuka polepole. "Pole, Babu," alisema, akamgusa bega, akarudi chumbani.

Neno hilo lilimwumiza kuliko kosa la kiwanda. Pole hupewa aliyefikwa na jambo. Kumbe mtoto yule aliuona msiba ule kuwa wa babu yake peke yake.

Mchana Dennis, aliyekwisha kupata ujumbe wa Editha kuhusu upungufu ule, alipiga simu. Alikuwa ameulizia kwa watengenezaji; kampuni ilikwisha kufunga toleo lile, na vipande vya akiba havikuwapo tena. Kisha akauliza jambo ambalo lilikuwa bado halijamwingia akilini: iweje upungufu wa boksi la kwanza ugunduliwe leo? Mwalimu alimweleza yote, kwa utaratibu, bila kupunguza.

"Baba," Dennis alisema, "mimi sikumpa chombo. Chombo kizima ningeweza kukituma kwa mara moja. Nilimpa kitu cha kufungua kila mwezi. Mama yake yuko mbali, mimi niko mbali. Nilitaka kila mwezi akae na mtu."

Mwalimu alisema amesikia, akaagana na mwanawe, akatoka kuketi barazani. Milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika wingu hadi kiunoni. Alijaribu kujitetea mbele ya nafsi yake, kwa hoja zilezile za matofali na misingi, akaona hazisimami. Nyumba humngoja mwenyewe. Matofali hayarefuki, hayasuki nywele, hayapati nafasi ya chuo Mbeya.

Mkewe, Bibi Martina, alikuja na sinia la mchele, akaketi karibu yake, akaanza kuchambua. Walikwisha kuishi pamoja muda wa kutosha kutohitaji utangulizi. Alimweleza kwamba mwaka ule wa kwanza Editha alikuwa akitoka shule anakwenda moja kwa moja stoo, anakaa sakafuni, anasoma maandishi ya nje ya maboksi. Alikuwa akimwuliza bibi yake kama Babu anaweza kulegeza moyo. Bibi alimwambia amwulize mwenyewe. Baadaye hakuuliza tena.

"Na wewe hukuniambia," alisema Mwalimu.

"Ningekuambia ungenijibu, vifaa kwanza." Aliokota kijiwe, akakitupa uani. "Mtoto akiacha kuomba, Baba Catherine, usidhani ameshiba."

Mwalimu alikaa hadi mchele ukaisha kuchambuliwa, kisha akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, ambako Editha alikuwa akianika nguo. Katika maisha yake yote ya kazi hakupata kumfuata mwanafunzi alipo. Aliyetakiwa ndiye aliyeitwa. Alisimama chini ya kamba, shuka lililolowa likampiga begani, akasema alichokuja kusema: kwamba alikosea, na kwamba kosa si la kiwanda.

Editha aliendelea kubana nguo. "Sikukukasirikia, Babu. Zamani nilikuwa nakitaka sana. Siku hizi sijui kama nakitaka."

"Zamani ulilitaka boksi gani kuliko yote?"

Msichana alicheka kidogo, kama aliyeulizwa kuhusu mtu aliyewahi kumpenda. Akajibu kwamba ni lile la bustani. Chombo kile, alieleza, kina watu wanaosafiri maisha yao yote bila kutua, kwa hiyo katikati yake kuna chumba cha kulimia mboga, chenye matuta yaliyopandana kama yale ya mlimani kwetu, na taa ndogo badala ya jua. Picha yake ilichapwa ubavuni mwa boksi. Alikuwa akiitazama mpaka Bibi amwite kula.

"Basi tulifungue hilo," alisema Mwalimu.

"Liko katikati kabisa, Babu. Halina pa kushika. Na uti wa mgongo haupo."

Mwalimu alikuwa tayari ameufikiria uti wa mgongo. Alikuwa na ubao wa mninga, mkavu, usio na fundo. Kwa wiki moja au mbili angeweza kuuchonga kwa vipimo vya jaridani, na kazi ingeanza pale inapopaswa kuanza. Alikwisha kufungua kinywa kulisema hilo. Kisha akazihesabu wiki zilizobaki, akakifunga.

"Litashikwa na meza," alisema.

Wakaanzia katikati. Kila alasiri, jua likielekea upande wa Mlali, waliketi pamoja dirishani. Vidole vya Mwalimu, vilivyozoea randa na msumeno, havikuweza tena kuzishika skrubu ndogo kama mbegu za mchicha. Zilimponyoka, zikakimbilia chini ya kabati, na Editha akapiga magoti kuzitafuta. Mwanzoni alijitetea kwamba skrubu zimetengenezwa vibaya. Siku ya pili alikubali kushika taa tu, na Editha ndiye aliyekaza. Alimwona akibandika mche wa kijani kwenye tuta, mmoja baada ya mwingine, midomo ameibana kama mama yake alivyokuwa akibana alipofanya hesabu.

Kazi hiyo ilifungua maneno. Editha alimweleza kwamba anaogopa baridi ya Mbeya, na anaogopa zaidi kuwa msichana pekee katika darasa la wavulana. Mwalimu alitaka kumpa hotuba juu ya ujasiri. Alikuwa nayo, aliwahi kuitoa mara nyingi katika mahafali. Lakini mche ulikuwa umelegea, ikabidi aumulike, na hotuba ikampita. Badala yake akauliza, "Unaogopa wakufanye nini?" Editha akamwambia. Mazungumzo hayo yaliendelea mpaka chai ikapoa.

Siku ya kuondoka ilipofika, mezani palikuwa na bustani iliyokamilika, nusu ya chumba cha nahodha, na bawa moja lisilojua litaungwa wapi. Stambuli, aliyekuja kumsaidia Editha kubeba sanduku hadi stendi ya Msamvu, aliizunguka meza kwa makini.

"Hiki si chombo," alitoa hukumu yake. "Hii ni ajali ya chombo."

"Beba mzigo, Mnyamwezi," alisema Mwalimu, na safari hii alicheka.

Ilikuwa rai ya Editha kwamba kazi isisimame. Kila mwisho wa mwezi, Jumamosi mchana, Babu angefungua boksi moja na kumpigia simu ya picha, naye angemwelekeza. Mwalimu aliona haya kidogo kuelekezwa na mtoto aliyemfundisha kushika kalamu, lakini alikubali. Jumamosi ya kwanza alivaa tena shati lake jeupe. Bibi Martina aliisimamisha simu kwa kuiegemeza kwenye birika, na uso wa Editha ukatokea, amejifunga kitenge mabegani, nyuma yake kitanda cha bweni na wasichana wawili waliomwamkia shikamoo kwa pamoja.

Alimwelekeza: kibao chenye tundu kwanza, kisha kile chembamba, hapana Babu, umekigeuza, kitoe. Mwalimu alikitoa. Alikirudisha upande aliotakiwa, akaibana skrubu kwa kibano, akaanza kuikaza taratibu, huku Editha akimsimulia juu ya mwalimu wa hesabu anayeongea na ubao, mvua isiyokoma, na mvulana mmoja aliyemcheka siku ya kwanza na siku ya tano akaja kuomba asaidiwe mazoezi.

"Imekaza, Babu?" aliuliza katikati ya maneno yake.

Skrubu ilikuwa imekaza zamani. Mwalimu Bartholomeo, ambaye hakupata kusema uongo mbele ya mwanafunzi, aliendelea kuizungusha bisibisi hewani.

"Bado kidogo," alisema. "Endelea."