Nusukimo Akataa Kupenyezwa Dirishani

"Nusukimo haongozi vita, dada! Nusukimo anaiba funguo, anakula, anakimbia. Kitabu cha mchezo kinasema hivyo," fundi saa alifoka.

"Basi kitabu chako hakijakutana na nusukimo wangu," alijibu mshona nguo, mikono kiunoni.

Walikuwa wameuacha mchezo mezani, kila mmoja kasimama mlangoni pake, korido ikiwa katikati. Ghorofa nzima ilishatega masikio, maana kwetu ugomvi haufungiwi mlango. Kila Jumamosi mchana sisi majirani wanne huweka meza pale koridoni tukacheza mchezo wa visa: kila mtu hujivika mhusika wake, dadu huamua bahati, na fundi saa ndiye msimulizi. Huyo huwa mfalme, huwa jitu, huwa hata mvua.

Mshona nguo tulimwita Kipisi kwa ufupi wake. Tangu siku ya kwanza tulimpachika nusukimo, kiumbe asiyemfika mtu kiunoni, wala hatukumuuliza. Miaka mitatu tumemrusha madirishani na kumtuma kuiba mikate, naye akacheka pamoja nasi. Kicheko chake kilikuwa pindo lililoshonwa vizuri: nani angefunua kuangalia nyuzi za ndani?

Siku hiyo jitu lilikuwa limeziba lango la mji. Kwa mazoea tulishamwinua nusukimo dirishani kabla mwenyewe hajafungua kinywa.

"Mniteremshe," alisema. "Wangu ni jemadari. Anapita langoni, nanyi nyuma yake."

Hapo ndipo moto ulipowaka.

"Kama hutaki kazi ya nusukimo," fundi saa alisema sasa, ameegemea mlango wake, "kiti kina mwenyewe. Kinyozi wa chini anakiulizia kila siku."

Kipisi aliishi peke yake. Wiki nzima alizungumza na cherehani, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake ya watu. Tulingoja acheke, yaishe, kama ilivyokuwa desturi yake. Hakucheka. Alirudi mezani, akavuta kiti, akaketi.

"Jitu liko wapi?"

"Langoni, linanguruma. 'Ewe kiumbe cha magotini, nitakukanyaga!'"

"Simama wima."

"Eti?"

"Nyoosha mgongo. Kidevu juu. Mikono iachie. Na tumbo usilivute, nitajua tu."

Sauti ile tuliijua sote. Hapakuwa na mtu ghorofani ambaye hajawahi kusimamishwa nayo mbele ya kioo cha Kipisi, akapimwa bega na kiuno, kimya, asithubutu hata kukohoa. Fundi saa akajikuta amebanduka mlangoni, mabega sawa, mikono inaning'inia, anangoja ruhusa ya kupumua. Dadu haikuguswa.

"Hivyo hivyo," alisema Kipisi. "Jeshi, piteni."

Tukapita, jamani, tena kwa mwendo wa gwaride.

"Ama!" mke wa fundi saa aliangua kicheko kutoka jikoni. "Mwaka wa kumi na mbili huu, mimi sijaweza kumnyoosha hivyo!"

Fundi saa alikohoa. Alikitazama kitabu chake pale mezani, kisha akamtazama mshona nguo, kitambo kirefu, kama anayesikiliza saa aliyodhani imekufa.

"Ng'ambo ya lango kuna nini?" Kipisi aliuliza.

"Bado sijajua," alikiri fundi saa, akausukuma mlango wake hadi ukutani. "Chakula kiko tayari. Ingia tule, jirani, unieleze jemadari wako anataka kwenda wapi."