Vijiji Mia Mbili na Kumi na Vinne

Mashine ya kitengo cha mbegu pale Bariadi ilikuwa na uhai wa robo saa kwa siku. Asubuhi inawaka vizuri, inapata joto, kioo kinazimika, na huna la kufanya mpaka kesho.

Aliyebaki nayo ni Benadetha. Alikuwa na stashahada ya takwimu, watoto wanne, na barua iliyosema chama cha ushirika kingefunga kitengo chake mwisho wa Septemba, kwa kuwa pamba sasa ilikuwa ya soko huria. Ndani ya disketi za mashine ile kulikuwa na misimu kumi na miwili ya vijiji mia mbili na kumi na vinne: mbegu ya kijiji gani ni safi, na ya kipi imewahi kuingiwa na ugonjwa wa mnyauko. Mnyauko husafiri ndani ya mbegu, na ukishashika udongo hautoki hata ukeshe ukiuombea. Magunia ya mbegu bado yaliandikwa majina ya vijiji, lakini jina peke yake halikwambii kitu.

Printa ilikufa zamani. Kompyuta mpya za Shinyanga zilikuwa na mdomo mdogo, disketi zile pana hazikuingia.

Kisha mwalimu mmoja wa kujitolea, akirudi kwao, akamwachia vikokotoo viwili vya kuchora grafu. Benadetha akafungua kimoja kwa bisibisi. Kidude cha ndani kinachopiga hesabu kilikuwa cha ukoo mmoja na kile cha mashine yake kuukuu. Hapo ndipo wazo lilipompata, na mtu mwenye stashahada akipatwa na wazo la namna hiyo, jirani zake wamwonee huruma. Angeuhamisha ule mfumo wa zamani unaoendesha mashine, autie kwenye kikokotoo. Programu ingefuata, kisha vijiji. Angetembea na kitengo kizima ndani ya mkoba mpaka Kiloleli, bila jenereta.

Kazi ilikuwa ya punda. Mfumo wote ni jozi elfu tano na mia sita za tarakimu na herufi. Kila asubuhi alinakili jozi mia moja kutoka kwenye kioo, halafu nyumbani akaziingiza kwa vidole, moja moja. Tena si kunakili tu. Mfumo ule ulizoea kuwa na nafasi ya kwanza ya kumbukumbu, na kwenye kikokotoo nafasi hiyo ina mwenyewe asiyehama. Ilibidi kila anwani, yaani namba ya nafasi ya kumbukumbu, isogezwe mbele kwa hesabu ya mkono. Ukikosea moja, kioo kinaganda.

Tuseme ukweli: alifurahia. Kwa miaka kumi alikuwa anajaza fomu za watu wengine.

Mwishoni mwa Juni alikuwa amefika zaidi ya nusu. Mama mkwe wake, Mhoja, alimwona anavyohangaika na betri za kikokotoo zilizochoka, akaamua kumsaidia. Alizitoa zote, hata ile ndogo ya mviringo iliyojificha chini ya skrubu, akazianika kwenye ungo pamoja na za redio yake, kama kila mwenye redio kijijini anavyofanya. Jioni akazirudisha, zina moto kama karanga.

“Sasa kitaimba, mama Nyanda,” alisema.

Hakikuimba. Kumbukumbu ilikuwa tupu kabisa. Benadetha alimshukuru, akaenda nyuma ya zizi, akalia kidogo, akanawa. Daftari lilikuwepo. Akaanza upya kwa jozi ya kwanza, na asubuhi akaendelea kunakili zilizobaki.

Wiki ya pili ya Agosti mashine iliwaka, ikanuka, haikuwaka tena.

Jozi zote za mfumo zilikuwa zimeshaingia daftarini. Ya vijiji haikuwemo hata moja. Alimweleza Athanasi, mtunza ghala la mbegu, ambaye hakuwa na stashahada yoyote. Athanasi alikaa juu ya gunia, akauliza kijiji kimoja kinachukua mistari mingapi. Mmoja, Benadetha alisema.

“Na robo saa ungeandika mistari mingapi?”

“Kumi.”

Athanasi alihesabu kwa vidole. “Siku ishirini na mbili, mama Nyanda. Ungemaliza mwezi wa sita.”

Benadetha alisimama. Alichukua mkoba wake akaenda nyumbani.

Oktoba kikokotoo kilikubali. Kwenye kioo chake kidogo ilitokea herufi moja na alama ya mshale, na pembeni kijisanduku kikiwakawaka, kama ilivyokuwa kwenye mashine yenyewe. Hakumwita mtu.

Mvua zilipoanza, kaka yake Jilala alikuja kutoka Sapiwi. Mnunuzi wa pamba alikuwa na magunia ya mbegu ya aina mbili tu, ya Shishiyu na ya Kiloleli. Achukue lipi?

“Sijui, kaka.”

“Hujui, au huruhusiwi kusema?”

“Sijui. Ilikuwa kwenye mashine.”

Jilala alikitazama kikokotoo mezani. “Hicho kinasema nini?”

“Kinaniuliza nikipe kazi gani.”

“Si ukipe.”

“Sina ya kukipa.”

Jilala aliondoka, na kwa mnunuzi akachukua gunia lililokuwa karibu na mlango.

Februari Jilala alimwita shambani. Shamba lilikuwa limeanza kutoa maua, na majani ya chini yalikuwa ya njano kuanzia kingoni. Benadetha aling'oa mche, akaupasua kwa kisu chake. Ndani kulikuwa na mstari wa kahawia wa mnyauko, toka mzizini mpaka shingoni. Akapasua wa pili, na wa tano. Jilala alikuwa amesimama na jembe begani, anasubiri aambiwe dawa.

“Choma yote,” Benadetha alisema. “Na mwakani hapa panda mtama. Pamba usiirudishe.”

“Mpaka lini?”

“Watoto wako nao waambie.”

Alipangusa kisu kwenye majani, akaenda kuukagua mstari wa mwisho, upande wa jirani, ambako miche ilikuwa imeanza kulegea vilevile.