Shadidi na Kiti Kitupu cha Kujikweza

Nchi ya Kujikweza ilipakana na nchi ya Unyenyekevu, lakini watu wake hawakuwahi kuvuka mpaka. Ilikuwa na desturi moja iliyoenziwa karibu sawa na ibada. Kila mwaka kijana mmoja, aliyewapita wenzake wote kwa akili, alitunukiwa Tunu ya Upeo, yaani ufadhili wa kwenda kusoma katika chuo kikuu cha ng'ambo ambacho sifa zake zilivuma katika mataifa yote. Aliporudi aliitwa Mteule. Jina lake liliingizwa katika Orodha, akavikwa joho la zambarau lenye mkia wa dhiraa nne, akapewa kiti katika Kasri la Taadhima. Na tangu siku hiyo kazi yake ikawa kuketi na kutazamwa. Siku ya Majina ilipofika, Orodha ilisomwa hadharani kwa sauti ya madaha, na umma ukashangilia. Kuuliza Wateule walikuwa wamefanya nini kulihesabiwa kuwa utovu wa adabu.

Shadidi alizaliwa Bonde la Kiu, ambako visima vilikuwa vichafu na homa ya matumbo ilizika watoto kila kiangazi, wadogo zake wawili wakiwamo. Alikuwa wa kwanza kutoka bondeni kutunukiwa Tunu, akachagua elimu ya maji. Aliporudi alilipokea joho kwa shukrani, akalikunja, akaenda kwao. Kwa miaka tisa alifukua visima, akavijengea kuta za mawe, akawafundisha watu kuchuja maji kwa mchanga na mkaa, mpaka katika vijiji alivyovifikia kiangazi kikawa kinapita bila msiba. Kiti chake kasrini kilibaki kitupu, na utupu ule uliwaudhi sana walioketi.

Mwaka wa kumi aliitwa mahakamani, akashitakiwa kwa kuitia Tunu matopeni. Adhabu ya kosa hilo, akipatikana na hatia, ilikuwa jina lake kufutwa, na Bonde la Kiu kunyimwa Tunu milele. Hilo la pili ndilo lililomuuma, maana binti mmoja wa bondeni, Hidaya, alikuwa ameshinda mitihani yote ya Tunu, umebaki mmoja tu. Mama yake Hidaya alikuja kumsihi Shadidi aombe radhi. Shadidi alimsikiliza mpaka mwisho, asimlaumu, wala asimwahidi kitu.

Mshitaki alikuwa Fahari, Mteule aliyesoma naye ng'ambo. Yeye alisomea utabibu, na katika elimu ya homa hakuwa na mshindani. Alinena kwa ufasaha kwamba kila Mteule akishika jembe, heshima ya Tunu itapotea. Kisha akapunguza sauti, akamwambia Shadidi kwamba akivaa joho na kutamka neno moja la majuto, mambo yote yatasahauliwa na Hidaya atasafiri.

"Neno hilo nimelifikiri njia nzima," alijibu Shadidi. "Nikisema najuta, Hidaya atakwenda, atarudi, naye ataketi. Sitampatia kiti kwa uongo. Kama bonde linaadhibiwa kwa sababu maji yake ni safi, basi na iandikwe hivyo hivyo, kila mtu aisome."

Kadhi Insafu, hakimu wa shauri lile, akamuuliza kama ana swali kwa mshitaki.

"Ninalo moja, Mheshimiwa. Ndugu yangu Fahari, tangu turudi, umemtibu nani?"

Fahari alivitazama viti vya wenzake. Kisha akasema, "Sijamtibu mtu."

Hapo Kadhi aliamuru Orodha isomwe, na kila aliyetajwa aseme kazi yake. Wa kwanza alitaja cheo. Kadhi akamwambia kwamba hakuulizwa cheo. Wa pili alitaja joho. Baada ya jina la kumi watu waliojazana milangoni walianza kucheka, na baada ya la ishirini hawakucheka tena.

Hukumu ilitolewa adhuhuri. Sheria ilitaka jina la aliyeacha kiti lifutwe, nalo likafutwa. Lakini bonde halikuwa na kosa, na Hidaya angefanya mtihani wake kama wengine. Tena, tangu mwaka ule, hakuna jina ambalo lingesomwa Siku ya Majina bila kazi ya mwenyewe kutajwa. Shadidi hakukata rufani. Aliomba tu karani atumie wino mzito, pasiwe na shaka yoyote kwamba limefutwa.

Alikuwa amekwisha shika njia ya bondeni aliposikia mtu akimwita. Alikuwa Fahari, anahema, joho lake limejaa vumbi. Alisema kwamba amesahau mengi, na mikono yake imelegea, na hajui kama mtu wa namna yake anafaa kitu huko Bonde la Kiu.

Shadidi alimtazama, na hasira yake yote ilikuwa bado usoni.

"Upande wa juu kuna vijiji vitatu ambavyo sijavifikia," alisema. "Huko homa bado inaua. Livue hilo joho, tutembee."